Kosa Dogo Lisiwe Kifungo cha Maisha: Kutafuta Kazi Baada ya Kutiwa Hatiani

*Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.*



Mikutano yetu huzungumzia maji, barabara, mbegu za alizeti na michango ya madarasa. Leo nimepewa nafasi nizungumzie jambo ambalo wengi hulizungumza kwa sauti ya chini: mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa dogo, akalipa faini au akatumikia adhabu yake, atapataje kazi?

Swali hili linamhusu kijana aliyepigana siku ya mnada, mama aliyekamatwa na pombe ya moshi, na baba aliyesafirisha mkaa bila kibali. Watu hawa wamerudi nyumbani. Wanalima, wanasomesha watoto, wanachangia maendeleo kama sisi wengine. Lakini kila wanapobisha hodi mahali pa kazi, jambo la miaka iliyopita hutangulia kuingia kabla yao. Na mtu anayefungiwa kila mlango wa halali hatimaye huujaribu ule usio wa halali. Hasara hiyo huwa yetu sote.

Kwanza, kosa dogo ni lipi?

Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria zetu, huyagawa makosa katika mafungu mawili. Kwa kawaida, kosa kubwa ni lile ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha miaka 3 au zaidi. Kosa lisiloingia katika fungu hilo ni kosa dogo. Pale ambapo sheria imetaja kosa dogo bila kulitajia adhabu yake, adhabu haizidi kifungo cha miaka 2, au faini, au vyote viwili. Kwa mfano, shambulio la kawaida, yaani kumpiga mtu pasipo kumjeruhi, adhabu yake haizidi kifungo cha mwaka 1.

Ninalieleza hili kwa sababu kijijini maneno hayapimwi kwa mizani hiyo. Aliyelala mahabusu usiku mmoja huitwa mfungwa. Aliyelipa faini kwa kutukana huitwa mhalifu, jina lilelile tunalompa mnyang'anyi wa kutumia silaha. Sheria imewatenganisha watu hawa. Midomo yetu imewaweka pamoja.

Fahamu jambo lililokupata

Yako mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa: kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani. Aliyekamatwa na kuachiwa hana hatia. Aliyeshtakiwa, kisha mahakama ikamwachia huru, hana hatia. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, imekataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Kwa hiyo mtu anayeulizwa kazini kama amewahi kutiwa hatiani, naye aliishia kituo cha polisi tu, ana haki ya kujibu hapana bila wasiwasi.

Aliyetiwa hatiani naye anapaswa kufahamu alitiwa hatiani kwa kosa gani hasa, kwa tarehe ipi, na kwa adhabu ipi. Wapo wanaosema walifungwa kwa wizi, kumbe hukumu inasema shambulio. Nenda kwenye mahakama iliyokuhukumu, iwe ya mwanzo au ya wilaya pale Kiomboi, uombe nakala ya hukumu. Tunza stakabadhi ya faini uliyolipa. Karatasi hizo mbili hufuta uvumi mwingi.

Aliyehukumiwa karibuni na anaamini kwamba hukumu haikuwa ya haki asikae kimya. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe hukatwa ndani ya siku 45. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awatafute watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiwamo wasaidizi wa kisheria walio karibu na vijiji. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii itamwelekeza.

Sheria inasema nini kuhusu kazi?

Ibara ya 22 ya Katiba inatambua kwamba kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi au mwombaji kazi kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya ndoa, umri na mambo mengine kadhaa yaliyoorodheshwa. Ni lazima niwaambie ukweli, ndugu zangu: kumbukumbu ya kosa la jinai haimo katika orodha hiyo. Uingereza iliweka sheria mwaka 1974 ambayo chini yake makosa mengi, baada ya miaka kadhaa kupita bila kosa jingine, huhesabiwa kuwa yamekwisha, na mwenye nayo halazimiki kuyataja katika maombi ya kazi nyingi. Sisi hatuna sheria ya jumla ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya suala hili imeachwa katika busara ya mwajiri na mwenendo wa jamii.

Lakini busara hiyo haikuachwa bila mfano. Itazameni ibara ya 67 ya Katiba, inayoweka masharti ya mtu kugombea Ubunge. Katiba haikumfungia mlango kila aliyewahi kuhukumiwa. Imetaja adhabu ya kifo, au kifungo kinachozidi miezi 6, kwa kosa linalohusu utovu wa uaminifu. Imetaja pia aliyefungwa kwa kosa la namna hiyo ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu. Ina maana kwamba Katiba imeuliza maswali matatu: kosa lilikuwa la aina gani, adhabu ilikuwa nzito kiasi gani, na ni muda gani umepita? Ikiwa maswali hayo yanatosha kumpima mtu anayetaka kuingia Bungeni, yanatosha pia kumpima anayetaka kubeba magunia ya alizeti Misigiri.

Kwa waajiri wa kata yetu

Waajiri wengi wa hapa hawana ofisi ya rasilimali watu. Ni mwenye mashine ya kukamua mafuta, mwenye pikipiki anayetafuta kijana wa kuiendesha, mwenye duka la jumla, mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, mwenye shimo la dhahabu kule Shelui. Kwenu nyote nina ombi moja: tumieni maswali yale matatu, kisha ongezeni la nne, yaani kosa hilo lina uhusiano gani na kazi unayotaka ifanywe.

Tuchukue mifano. Mtu aliyetiwa hatiani mwaka jana kwa kuiba fedha za wateja wa huduma za fedha kwa simu hafai kwa sasa kukabidhiwa kibanda cha fedha. Mwajiri anayemkatalia kazi hiyo ametumia akili. Lakini mtu huyohuyo anaweza kufyatua matofali, kupalilia vitunguu au kupakia mizigo chini ya usimamizi. Kijana aliyepigana kilabuni miaka 4 iliyopita, akalipa faini na hajarudi mahakamani tangu hapo, hana sababu ya kukataliwa kuendesha mashine ya kukamua alizeti. Ugomvi ule hauna uhusiano wowote na mashine. Dereva aliyewahi kuhukumiwa kwa kuendesha akiwa amelewa ni swali la msingi kwa mwenye lori, wala si swali kwa mwenye bustani.

Nawaomba pia mmuulize mhusika mwenyewe kabla ya kuwauliza majirani. Jirani anaweza kuwa na kesi ya mpaka wa shamba na familia ile. Mhusika ataleta nakala ya hukumu, nawe utasoma kilichoandikwa. Ukiona bado una shaka, anza naye kwa kipindi cha majaribio, kwa maandishi. Wala usimlipe ujira pungufu kwa kisingizio kwamba amewahi kufungwa. Adhabu yake ilipangwa na mahakama na imekwisha, na kima cha chini cha mshahara kinamlinda yeye kama kinavyowalinda wengine.

Taarifa mnazozipata katika mahojiano hayo mzitunze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za makosa ya jinai katika kundi la taarifa nyeti. Nakala ya hukumu ya mwombaji kazi haipaswi kupigwa picha na kurushwa katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara.

Barua ya utambulisho

Ndugu wananchi, nafasi nyingi za kazi katika wilaya yetu huanza na barua ya utambulisho kutoka kijijini, pamoja na wadhamini wawili. Hapo ndipo vijana wengi hukwama. Nasema na watendaji na wenyeviti kwa heshima: kazi ya barua hiyo ni kuthibitisha kwamba mtu ni mkazi wenu na mnamfahamu. Mtu akishamaliza adhabu yake hapaswi kuhukumiwa mara ya pili katika meza ya kijiji. Mwajiri akiuliza kuhusu mwenendo, andikeni mnayoyajua kwa hakika, pamoja na mema aliyoyafanya tangu aliporudi. Kijana aliyejitolea kuchimba msingi wa zahanati anastahili jambo hilo liandikwe.

Nanyi wananchi, mkiombwa fedha isiyo halali ili barua ya namna hii iandikwe au ili "ipendezeshwe", toeni taarifa TAKUKURU kwa namba 113. Kupiga simu hiyo ni bure.

Kwa wazee na viongozi wa dini: udhamini wenu una thamani kubwa kuliko mnavyodhani. Mwenye mashine akimwona mzee anayeheshimika amesimama na kijana, hofu yake hupungua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, lakini ni lazima awepo mtu wa kumpa mhunzi koleo jingine.

Kwa mwenye kutafuta kazi

Sasa nazungumza nawe ambaye jambo hili ni lako.

Jambo la kwanza, soma tangazo la kazi hadi mwisho. Ziko kazi ambazo masharti yake hayana mjadala. Matangazo ya kujiunga na Jeshi na vyombo vya ulinzi na usalama hutaka mwombaji asiwe na kumbukumbu za uhalifu. Kampuni za ulinzi nazo kwa kawaida hutaka uthibitisho kutoka Polisi. Katika utumishi wa umma, Sekretarieti ya Ajira huonya katika matangazo yake kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Usitumie nauli na muda wako kwenye mlango uliofungwa, nawe una milango mingine ya kujaribu.

La pili, usiseme uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usibadili jina, kwa kuwa alama zako za vidole ni zilezile. Usinunue hati ya tabia njema kwa mtu wa mtaani. Hati hiyo hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukua alama za vidole na kukagua kumbukumbu. Anayeghushi nyaraka anatenda kosa zito kuliko lile dogo alilotaka kulificha, na atakuwa ameitia doa miaka yote aliyoishi vizuri.

Kusema ukweli hakumaanishi kusimulia kila kitu kwa kila mtu. Usipoulizwa, anza na ujuzi wako. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi na kwa utulivu, kwa mfano hivi: "Ndiyo, nilitiwa hatiani kwa kosa la shambulio. Nililipa faini, na stakabadhi ninayo. Tangu hapo sijapata kosa jingine. Mwaka jana nilifanya kazi ya ujenzi, na fundi aliyenisimamia yuko tayari kuulizwa." Maneno hayo yanatosha. Usimlaumu mlalamikaji, usiilaumu mahakama, wala usiombe huruma.

La tatu, tafuta cheti cha ujuzi. Wako mafundi waashi, seremala na mafundi pikipiki waliojifunza kazi kwa kuitazama na kuitenda, wakiwamo waliojifunza gerezani. VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa na kupewa cheti. Ulizeni katika chuo cha VETA Singida. Cheti humpa mwajiri jambo jipya la kukuulizia.

La nne, fikiria kujiajiri pamoja na wenzako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa vijana na wanawake, mkopo hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na shughuli inayoeleweka, iwe ufugaji wa kuku wa kienyeji, nyuki au ukamuaji wa mafuta. Ushauri wangu ni huu: waambieni wanakikundi wenzenu ukweli tangu mwanzo, kwa sababu mtadaiwa pamoja. Kisha mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kwa aliye na kesi sasa hivi

Yapo mambo yanayoweza kufanyika kabla kosa halijawa doa. Katika mashauri ya shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi, sheria inairuhusu mahakama kuhimiza upatanishi, na wahusika wakipatana shauri linaweza kuishia hapo. Mshtakiwa anayetaka suluhu aombe mbele ya hakimu. Kulipana kichochoroni hakumalizi kesi.

Hata pale hatia inapothibitika, gereza si njia pekee. Mahakama inaweza kumwachia mkosaji kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Aidha, kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kumpa adhabu ya kufanya kazi za jamii bila malipo, akiwa anaishi nyumbani kwake na kuendelea na shughuli zake. Afisa uangalizi, ambaye wengi humwita afisa probesheni, huchunguza mazingira yake na kuiarifu mahakama. Afisa huyo akifika kijijini kuuliza habari za mtu, mpeni maelezo ya kweli. Majibu yenu yanaweza kumwacha mtu kwenye kazi yake au kumwondoa. Aliyemaliza huduma hiyo aombe barua ya kuthibitisha kwamba ameikamilisha. Barua hiyo itamsaidia mbele ya mwajiri.

Kwa mfanyakazi aliyeshtakiwa mahakamani, sheria ile ya ajira inamzuia mwajiri kumchukulia hatua za kinidhamu kwa jambo lilelile mpaka mahakama itakapotoa uamuzi wa mwisho. Akiachishwa kazi kinyume cha utaratibu, anazo siku 30 tu za kulalamika katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huja kuuliza siku zikiwa zimekwisha.

Kuhitimisha

Mheshimiwa Diwani, ndugu wananchi, kumbukumbu ya Polisi hukaa katika ofisi na hutolewa kwa utaratibu. Kumbukumbu iliyo vinywani mwetu haina ofisi wala utaratibu. Hutolewa kisimani, sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda, na kila anayeipokea huiongezea. Kuna kijana katika kata hii ambaye ameacha kuomba kazi kwa sababu ya kumbukumbu hiyo ya pili. Hatuhitaji bajeti wala sheria mpya ili kuipunguza. Kila mmoja wetu anaweza kuanza leo kwa kumwita mtu kwa jina lake badala ya kumwita kwa kosa lake.

Mwenye swali la siri asilitoe hapa hadharani. Amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au afike ofisi za Halmashauri Kiomboi, siku za kazi. Kupokelewa na kuelekezwa ni bure.